The Big Trail (1930): usiitazame kwenye simu

Mara ya kwanza niliifungua kwenye simu, nikaona watu wadogo kama sisimizi, nikaifunga. Jumamosi nikaichomeka kwenye tivii ya sebuleni, ndipo nikaelewa. Ni picha ya Raoul Walsh kuhusu msafara wa walowezi wanaotoka Mto Mississippi kwenda Oregon, magharibi mwa Marekani, kwa magari ya turubai yanayokokotwa na ng'ombe. Kampuni ya Fox iliipiga kwa mkanda mpana wa milimita 70, na upana huo ndio utamu wenyewe: mbele steringi anaongea, nyuma yake watu wanapakia mizigo, watoto wanakimbizana, mifugo inaswagwa, na vyote unaviona vizuri.

Steringi ni John Wayne, kijana wa miaka 23, hata jina halijavuma. Anaongea kama mwanafunzi anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi, ila akishapanda farasi unamsamehe. Anawasaka waliomuua rafiki yake, nao wamo humo humo msafarani. Mwisho wake utaujua kabla chai haijapoa.

Mimi kilichonishika ni safari. Kuna genge refu, magari yanateremshwa kwa kamba, mifugo nayo inaning'inia hewani. Halafu inakuja mvua, magurudumu yanazama kwenye tope, watu wanasukuma mpaka nguo hazijulikani rangi. Mjomba wangu, aliyelima kwa maksai Shinyanga tangu ujana, alikuwa anasinzia kwenye kochi. Hapo akakaa wima. "Huyo wa kushoto amechoka, wamfungue nira!" Nikamwambia ni maigizo, mjomba. Akanijibu, "Watu wanaigiza. Ng'ombe haigizi."

Kasoro zipo. Sauti ni ya enzi zile, maneno mengine yanamezwa. Kuna mchekeshaji mmoja na mama mkwe wake, utani umechacha. Na Wahindi Wekundu, ambao nchi ilikuwa yao, wanapovamia wanapewa kazi ya kuzunguka magari yaliyopangwa duara ili wapigwe risasi. Sehemu hiyo niliitazama kwa shingo upande.

Wakati wake picha hii ilianguka vibaya. Majumba mawili tu, moja Hollywood na jingine New York, yalikuwa na mitambo ya kuonyesha mkanda huo mpana, na mdororo wa uchumi ulikuwa umeshaanza. Wayne akarudi kwenye picha za bei rahisi mpaka 1939, alipotoka na Stagecoach.

Ukiitafuta, chukua ile ya saa mbili na dakika chache. Kuna nyingine fupi ya mkanda wa kawaida, milimita 35, iliyopigwa wakati huo huo. Ukiona weusi uko kushoto na kulia kwa picha badala ya juu na chini, umepata hiyo fupi. Endelea kutafuta.