Miezi saba na Corolla ya gesi hapa Mwanza

Watu wakiona swichi ya gesi kwenye dashibodi yangu huniuliza, "Mama, mtungi huu wa Dar unajazia wapi huku?" Si wa Dar. Kule wanatumia gesi asilia, ile ya Songo Songo na Mtwara, inayoshindiliwa kwenye mtungi mzito kwa presha ya bar 200 hivi, na bomba lake halijafika Kanda ya Ziwa. Yangu ni LPG, jamii moja na ya kupikia, mchanganyiko wa propani na butani. Ndani ya tanki inakaa kama maji, kwa presha ndogo sana ukilinganisha na ile.

Gari ni Corolla stesheni wagoni ya 1998, injini ya 5A. Nabebea dagaa kutoka Mwaloni Kirumba kwenda kwa wateja wa Igoma, Kisesa na Buhongwa, na mara mojamoja Musoma. Kufunga mfumo mzima nililipa shilingi milioni 1.7. Tanki ni la duara, lita 42, linakaa kwenye shimo la spea taili, kwa hiyo buti limebaki la magunia, ila spea yenyewe sasa naifunga juu ya keria. Usitegemee kupata lita zote 42. Linajazwa asilimia 80 tu, kwa sababu gesi hutanuka ikipata joto. Mimi napata lita 33 au 34.

Wiki ya pili tu nilitamani kurudishiwa hela yangu. Saa nane mchana, jua kali, napanda kwenda Bugando kumpelekea mgonjwa chakula, gari likaanza kumisi, likakata moto katikati ya mlima. Nikafungua boneti nikijua nitakuta mvuke. Nikakuta barafu. Kile chombo cha kupunguza presha ya gesi kilikuwa cheupe pe, nikakigusa kidole kikanata. Nilisimama pale na hotipoti mkononi sielewi kitu.

Fundi niliyempata baadaye (si yule aliyefunga) ndiye aliyenifungulia macho. Gesi inapotoka kwenye hali ya maji kuwa hewa hunyonya joto jingi. Joto hilo hutoka kwenye maji ya rejeta, yanayopitishwa kwenye kile chombo kwa mipira miwili. Maji yasipozunguka, chombo kinaganda.

"Mama, humu ulikuwa unatia maji gani?"

"Ya bomba. Nikiwa safarini, hata ya ziwa."

Akanionyesha kilichotoka: tope jekundu, zito kama uji wa ulezi. Rejeta ilikuwa imeziba nusu, na aliyefunga gesi hakuangalia, wala hakutoa hewa kwenye mipira. Hilo bado linaniuma, maana nilimlipa nikiamini amelikagua gari. Nikanunua rejeta nyingine, kulenti halisi (maji maalumu ya rejeta), plagi na waya zake, kwa kuwa gesi inataka cheche yenye nguvu kuliko petroli. Tangu siku hiyo halijaganda tena.

Sasa hesabu. Kwa petroli lilikuwa linakwenda kilomita 12 kwa lita. Kwa gesi ni 9.5, maana lita ya gesi ina nguvu ndogo kuliko lita ya petroli. Wakati napiga hesabu hii, lita ya petroli ilikuwa 2,950, ya gesi 1,800. Kilomita 100 zilikuwa zinanila karibu 24,600. Sasa ni chini kidogo ya 19,000. Ile milioni 1.7 itarudi nikishatembea kama kilomita 30,000, bila kuhesabu rejeta. Kama gari lako ni la kwenda kanisani na sokoni, baki na petroli.

Petroli yenyewe siachi kuweka, walau robo tanki. Gari huwaka kwa petroli, likishapata joto linahamia kwenye gesi lenyewe. Na gesi ikiniishia njia ya Musoma, nabonyeza swichi naendelea na safari.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni la harufu. Gesi hutiwa dawa inayonuka ili ikivuja ujue. Mimi na gunia nne za dagaa nyuma nitajuaje? Kwa hiyo kila Jumapili nafungua milango yote, napaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha bomba, nasubiri. Mwezi wa nne kiungo cha karibu na tanki kilitoa povu dogo, linavimba na kupasuka, linavimba na kupasuka. Nikafunga koki ya tanki. Niliacha milango wazi muda mrefu kabla ya kugusa ufunguo, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa, hukaa chini kwenye sakafu ya gari. Kisha nikaenda kwa fundi kwa petroli, akabadilisha nati ile.

Mdogo wangu ana Noah ya zamani na ameshaanza kutafuta mtu wa kumfungia. Nimemwambia aanze na rejeta.