Bata Bahili, Lulu na Jamaa Anayenyumbuka: Katuni za Kale Zilizochapwa Upya, Ipi Ununue Kwanza

Kitabu changu cha kwanza cha aina hii kilifika Dar ndani ya begi la binamu, kimeviringishwa kwenye suruali mbili ili kona zisikunjike. Nilikuwa nimekisubiri miezi mitatu. Jalada lilikuwa linang'aa kama sahani ya sikukuu. Nikafungua ndani: nyekundu imegeuka hudhurungi, herufi zimevimba kama zilizolowa maji, na maneno ya ukingo wa ndani yamezama kwenye mshono, kiasi kwamba ukitaka kumaliza sentensi lazima ukivunje kitabu mgongo. Kumbe muuzaji alipakua picha kutoka mtandaoni, akazituma kwenye mashine, akachapa. Dola 25 zangu zikawa zimekwenda.

Na hakuvunja sheria yoyote. Sheria ya Marekani ilitaka kazi iliyochapwa kabla ya 1964 iombewe hakimiliki upya ikifika mwaka wa 28. Wachapishaji wengi wa katuni hawakuomba. Wengine walikuwa wameshafunga duka, na wengine hawakuona haja ya kuhangaikia kijitabu cha senti 10. Kwa hiyo leo katuni nyingi za enzi hizo ni mali ya umma, na mwenye printa yoyote anaweza kuziuza. Ndiyo maana ukitafuta utakutana na majalada mazuri chungu nzima yasiyo na jina la mhariri wala la mchoraji. Hizo ndizo za mwisho kabisa kwenye orodha yangu. Kama unataka tu kusoma, hifadhi ya Digital Comic Museum inakupa kurasa zilezile bure, tena kwenye simu unaweza kuzikuza.

Sasa tuje kwenye zinazostahili pesa.

Wanaposema enzi ya dhahabu ya katuni za Marekani, wanamaanisha kuanzia 1938 hadi katikati ya miaka ya 1950. Sifa zote huenda kwa mashujaa wenye majoho, lakini vichekesho navyo viliuza mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, jarida la kila mwezi la katuni za Disney lilikuwa likipita nakala milioni 3 kwa toleo. Na ndani ya jarida hilo mchoraji hakuruhusiwa kuweka jina lake. Watoto walimtambua kwa mkono tu, wakamwita "yule mchoraji mzuri wa bata". Jina lake lilikuwa Carl Barks, na kwangu mimi ndiye namba moja bila mjadala.

Barks alichora bata kuanzia 1942 hadi alipostaafu 1966. Ndiye aliyemzua Scrooge McDuck, mjomba bahili, mwaka 1947. Kampuni ya Fantagraphics ya Seattle ilianza 2011 kutoa kazi zake zote kwa juzuu za jalada gumu. Juzuu hazikutoka kwa mpangilio wa miaka, na hilo ni jambo jema kwa mnunuzi, maana walianza na zilizo bora. Nunua moja kati ya mbili: ile yenye kisa cha "Lost in the Andes" cha 1949, au ile yenye "Only a Poor Old Man" cha 1952.

Katika hicho cha 1949, bata Donald ni msafishaji wa ngazi ya chini kwenye jumba la makumbusho. Anafuta vumbi, anaangusha jiwe la mraba, linapasuka. Lilikuwa yai. Basi safari ya kumtafuta kuku anayetaga mayai ya pembe nne inaanza, hadi kwenye bonde la ukungu huko Andes ambako kila kitu ni cha mraba na kutengeneza kitu cha mviringo ni kosa la jinai. Wapwa zake watatu wana mazoea ya kutafuna bazoka na kupuliza mapovu. Hapo unajua balaa linakuja, na Barks anakufanya ulisubiri kurasa kadhaa. Hicho ndicho alichowazidi wenzake: hakimbilii kuchekesha.

Chapa hii ni safi kwa sababu waliipaka michoro rangi upya, bapa, kama ilivyokuwa zamani. Hawakuingiza zile rangi za kompyuta zinazofifia kutoka bluu hadi nyeupe na kumfanya bata aonekane puto. Ukikutana na chapa ya Barks yenye rangi za namna hiyo, iache hata ikiwa nusu bei.

Kuna jambo wauzaji hawakuambii. Juzuu hiyohiyo ya Andes ina kisa cha "Voodoo Hoodoo", kinachompeleka Donald Afrika, na Waafrika wamechorwa kwa mtindo ule wa kizamani wa midomo minene na macho ya mduara. Binti yangu wa miaka tisa alifika hapo akanyamaza. Kisha: "Baba, huyu ni mtu au ni nini?" Tukakaa tukakisoma pamoja. Ajabu ni kwamba ndani ya kisa chenyewe mkosaji ni Scrooge, aliyewatimua wanakijiji kwenye ardhi yao ili apate shamba la mpira. Barks aliijua historia vizuri kuliko alivyoichora. Mimi nilikiacha kitabu rafuni, ila kama unamnunulia mtoto wa mtu mwingine, anza na juzuu ya kile kisa cha 1952. Na usidhani ni Barks pekee. Katuni za miaka ya 1940 karibu zote zina doa hili mahali fulani. Chapa nzuri huwa na maelezo ya wahariri yanayolisema wazi, na hizi za kupakuliwa mtandaoni na kuchapwa hazina hata mstari.

Namba mbili ni Little Lulu. Mwanamke aliyemzua, Marjorie Henderson Buell, alianza kumchora 1935 kwenye jarida la Saturday Evening Post, lakini vitabu vya katuni vilivyokuja kuanzia 1945 ni akili ya John Stanley, huku Irving Tripp akimalizia michoro. Lulu ni msichana wa mtaa. Wavulana wana kibanda chao chenye bango la kukataza wasichana, na kazi ya Lulu ni kuwaumbua, mara nyingi bila hata kukusudia. Kuna pia hadithi anazomsimulia kijana mtukutu wa jirani, Alvin, za msichana maskini na mchawi Hazel. Yeyote aliyelelewa na bibi msimuliaji atajisikia nyumbani.

Hapa una njia mbili. Drawn & Quarterly ya Kanada ilianza 2019 kutoa majuzuu makubwa ya rangi, mazuri ya kuweka sebuleni. Kabla yao, Dark Horse walitoa vijuzuu vya jalada laini, vingi vikiwa vyeusi na vyeupe. Mimi nakushauri hivyo vidogo. Mstari wa Tripp ni mwembamba na wazi, haupotezi kitu bila rangi, na kimoja ni chepesi kuliko juzuu moja ya Barks, ambayo ina karibu kilo. Kama mizigo yako nayo inakuja kwa hisani ya shangazi mwenye kilo 23 za ndege na ndugu kumi waliomwagiza viatu, utanielewa.

Namba tatu nilisita. MAD ilianza 1952 kama kitabu cha katuni cha kawaida, chini ya Harvey Kurtzman, na ilidumu hivyo kwa matoleo 23 kabla ya kugeuka jarida 1955. Will Elder, Wallace Wood na Jack Davis walichora kama waliopagawa. Elder hasa: mbele kuna kisa, nyuma ukutani kuna mabango, paka, mkono unaotoka dirishani, kila kimoja na mzaha wake. Unaweza kukaa na kisanduku kimoja dakika tano. Kampuni ya DC ilizikusanya kwa majalada magumu, matoleo sita kila juzuu isipokuwa ya mwisho. Tatizo ni kwamba nusu ya utani ni wa kudhihaki katuni, filamu na matangazo ya Marekani ya wakati huo. Ule wa kumkejeli Superman unaelewa hata kama umezaliwa Kigoma. Mwingine unapita juu ya kichwa kama ndege ya usiku. Na tafadhali usinunue vile vya mfukoni vilivyoanza kutoka 1954. Walikata kurasa, wakapanga visanduku upya kwa nyeusi na nyeupe, na mizaha ya Elder ikawa midogo kama chawa. Utaviona sana kwenye mitumba. Nilikipata kimoja Nairobi kwenye inama bookshop, yaani vitabu vilivyotandazwa chini barabarani, kwa bei ya soda mbili, na bado nilihisi nimepunjwa.

Namba nne ni Plastic Man wa Jack Cole, aliyetokea 1941. Mhalifu anamwagikiwa asidi, anapata mwili wa kunyumbuka, anaamua kuwa polisi. Kila ukurasa unamtafuta: yule zulia? yule taa? Mtoto atapenda mchezo huo hata asiposoma neno. Juzuu za DC Archives ni nane, rangi zake kali mno kwa macho yangu, karatasi inang'aa kupita kiasi. Moja inatosha.

Namba tano ni Pogo wa Walt Kelly, na hapa nitapingwa. Wengi wanamweka juu. Michoro yake ya wanyama wa kinamasi cha Okefenokee sijaona mfano wake, na Fantagraphics wanaichapa vizuri tangu 2011. Lakini wanyama wale wanaongea Kiingereza cha kijijini kilichopindwa na kuchezewa, kila neno lina kilema cha makusudi. Mimi nimesoma Kiingereza tangu chekechea na bado kuna kurasa narudia mara tatu. Kwa bei hiyo, sitaki mtihani. Halafu hii ilikuwa katuni ya gazetini, visanduku vitatu au vinne kwa siku, siyo kisa kizima. Aliyezoea kumfuata Juha Kalulu wa Edward Gitau siku hadi siku atapata ladha yake. Anayetaka hadithi ya kumaliza jioni moja, hapana.

Nje ya foleni kuna mkusanyiko mmoja, The Toon Treasury of Classic Children's Comics wa 2009, uliohaririwa na Art Spiegelman na Françoise Mouly. Ndani wamo Barks, Stanley, Kelly na Sheldon Mayer, pamoja. Kama utanunua kimoja tu maishani, au hujui utampenda nani, anza hapo. Ni kizito kama tofali.

Kabla hujalipa, mwombe muuzaji picha ya ukurasa wa katikati, kitabu kikiwa wazi, siyo jalada. Tazama mshono. Tazama kama rangi nyeusi ni nyeusi kweli au kijivu. Tafuta jina la mchoraji na mwaka wa kisa. Akikutumia jalada tena, achana naye. Na ukiishi Pwani, usiviweke kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa, hasa vya karatasi ya kung'aa: unyevu wetu hugandisha kurasa. Plastic Man wangu ana kurasa mbili ambazo sijui zinasema nini hadi leo.