Filamu ya eksirei ya inchi 8 kwa 10: trei au tangi?

Swali ni hili: filamu ya eksirei uisafishe, yaani uitoe picha kwa dawa, kwenye trei au kwenye tangi? Kwa kawaida filamu hii huwa na utando wa dawa inayonasa mwanga pande zote mbili, na utando huo ukilowa hulainika kiasi kwamba hata ukucha unauchora. Hapo ndipo trei na tangi zinapotofautiana.

Trei ni rahisi. Mililita 10 za Rodinal, dawa ya kusafishia filamu, katika lita 1 ya maji ya nyuzi 20 za Selsiasi hutosha karatasi moja ya filamu; anza na dakika 7, kisha mwaga dawa hiyo. Tatizo ni sakafu ya trei: mifereji yake hukwaruza upande wa chini. Laza kioo bapa ndani, vaa glavu laini, safisha karatasi moja moja, tikisa kwa kuinua kona ya trei taratibu. Kupanga karatasi tano kwa pamoja, kama wafanyavyo wenye filamu za kawaida, ni kujitafutia mikwaruzo.

Kwenye tangi, filamu huning'inia kwenye fremu bila kugusa chochote, na unasafisha kadhaa kwa mpigo. Lakini tangi linameza lita nyingi, kwa hiyo linafaa dawa inayotumika tena na tena kwa kuongezewa nguvu, si Rodinal inayotumika mara moja na kumwagwa. Tena ukiinua fremu kwa haraka, dawa hupenya matundu ya fremu kwa kasi na kuacha michirizi myeusi kingoni.

Kwa karatasi mbili tatu kwa wiki, trei yenye kioo. Taa nyekundu ya chumba cha giza iwe hafifu, uchague trei au tangi. Ya njano hutia ukungu filamu zinazohisi mwanga wa kijani.