Vifaa vya gofu kwa mchezaji wa ridhaa: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Kila anayeanza gofu anauliza swali lile lile, draiva (fimbo ya kupigia mkwaju mrefu wa kwanza) gani nzuri. Mi kila nikiulizwa najibu draiva ndo iwe ya mwisho kununua, alafu naulizwa kwa nini, kwa hiyo leo naeleza yote kwa mpangilio.

Nilianza na seti mpya ya fimbo 14, draiva ya lofti ya digrii 9 (lofti ni mwinamo wa uso wa fimbo), shafti (mti wa fimbo) ngumu kwenye kila fimbo, kisa muuzaji alinitazama kimo na mabega akasema wewe una nguvu chukua hizi. Mwaka mzima mpira wangu ulikuwa unakata kulia tu na mimi nikawa najilaumu mkono, kumbe nilipokuja kupimwa nikaambiwa shafti hazinifai kabisa kwa kasi niliyonayo na fimbo zimelala kuliko ninavyosimama. Ile hela na ule mwaka vinaniuma mpaka leo, na sitaki vimuume mwingine.

Nimepanga kwa swali moja tu: ukinunua hiki leo, kadi yako, yaani hesabu ya mikwaju ya raundi, itapungua mikwaju mingapi? Sio kipi kinang'aa, sio kipi anatumia bingwa wa kwenye tivii.

Namba 1: nusu seti ya mtumba, iliyopimwa

Sheria inasema fimbo zisizidi 14 kwenye begi, haijasema lazima zifike 14. Anayeanza zinamtosha 7: pata (ile ya kusukumia mpira kwenye griini, nyasi fupi sana zinazozunguka shimo), wedji ya mchanga na pichingi wedji (fimbo fupi zenye lofti kubwa), aironi 9 na aironi 7 (za kichwa chembamba cha chuma), haibridi moja ya kama digrii 22 (iko katikati ya aironi na wudi) na wudi namba 5 (ya kichwa kinene). Hapo unacheza mashimo 18 bila shida, na uzuri mwingine ni kwamba unajifunza kila fimbo vizuri kwa sababu ni chache.

Kwenye aironi chukua zile zenye mgongo uliochimbwa, uzito umepelekwa pembeni kuzunguka uso. Wazo hili alilisukuma sana Karsten Solheim, mhandisi aliyeanzisha kampuni ya fimbo ya Ping mwaka 1959, na hesabu yake ni rahisi: uzito ukikaa pembeni, fimbo haijipindi sana mkononi ukigonga nje ya katikati, kwa hiyo mpira unapoteza umbali kidogo tu badala ya kufa njiani. Zile nyembamba zenye mgongo bapa ni nzuri kwa macho lakini zinataka mtu anayegonga katikati kila mara, na mimi na wewe hatujafika huko. Na jambo hili halijabadilika sana miaka mingi, ndo maana aironi za mtumba za miaka kumi bado ni mali safi.

Angalizo moja kubwa: usilinganishe seti kwa namba. Zamani aironi 7 ilikuwa digrii 34 au zaidi, siku hizi unakuta 7 ya digrii 29 au 28, yaani imeandikwa 7 lakini ndani ni karibu 5 ya zamani. Mtu anakwambia seti mpya imeniongezea umbali, sawa imeongeza, ila uliza lofti kwanza. Ukishanunua hiyo, pichingi wedji yake inaweza kuwa digrii 43 alafu wedji yako ya mchanga ni 56, katikati hapo kuna shimo la digrii 13 huna fimbo ya kulijaza, na umbali huo ndo utakutana nao kila siku.

Shafti sasa. Herufi zile R (ya kawaida), S (ngumu) na wenzake hazina kipimo kimoja duniani, R ya kampuni moja inaweza kuwa sawa na S ya nyingine, kwa hiyo usinunue kwa herufi. Pima kasi yako. Kwa kukadiria tu, ukizungusha draiva chini ya maili 95 kwa saa, anzia R au laini zaidi, na kama mwili umechoka au umri umeenda chukua grafaiti maana ni nyepesi kuliko chuma na haitetemeshi viwiko.

Nikueleze jaribio ambalo ningefanya kabla ya kulipa chochote, linataka kalamu ya wino wa ubao mweupe tu. Chora mstari mnene kwenye mpira, uweke chini mstari ukiwa umesimama wima na unatazama uso wa fimbo, alafu piga. Wino unahamia kwenye uso. Kwanza angalia upo wapi: kama mipira kumi alama zote zimejazana upande wa kisigino, pengine umesimama karibu mno au fimbo ni ndefu kwako. Pili angalia mstari wenyewe, ukiwa wima basi fimbo imekaa sawa chini, ukiwa umeinama pembe ya fimbo na kimo chako havipatani. Mi nilipofanya hivi mara ya kwanza mistari yangu yote ililala upande mmoja kama nyasi iliyopigwa na upepo, nikasimama pale naiangalia, mwaka mzima nimejilaumu na jibu lilikuwa kwenye chuma. Fundi anaweza kupinda digrii moja au mbili, zile zilizofuliwa kwa chuma laini zinapindika vizuri, zilizomiminwa kwenye kalibu ni ngumu zaidi, muulize kabla hujanunua.

Na ukikagua mtumba: pitisha kucha kwenye mifereji ya uso usikie kama bado ina makali, tikisa kichwa cha fimbo usikie kama kuna kitu kinacheza ndani, angalia shafti kama ina mbonyeo au kutu, minya gripu (sehemu ya kushikia), ikiwa imekauka na kuteleza weka bei ya gripu mpya kwenye hesabu. Gripu watu wanaidharau sana. Ikiteleza unabana mikono, ukibana mikono swingi (mzunguko wako wa kupiga) inakufa.

Namba 2: masomo

Najua masomo sio kifaa, lakini hela ni ile ile na hapa ndo inarudi haraka kuliko popote, kwa hiyo nimeyaweka juu ya vifaa vyote vilivyobaki. Mwalimu atakuonyesha jambo moja ambalo wengi tulifundishwa kinyume: mpira kwa sehemu kubwa unaanzia kule uso wa fimbo unakotazama pale unapogusa, alafu unajipinda kulingana na tofauti ya uso na njia ya swingi. Ukilielewa hili unaacha kubahatisha, ukiona mpira umeanza kushoto ukaishia kulia unajua nini kilitokea. Chukua masomo machache yenye nafasi ya wiki mbili tatu katikati ufanye mazoezi, usichukue kumi mfululizo.

Na jipatie hendikapu (namba ya kiwango chako cha mchezo) mapema, usione aibu, mfumo wa dunia ulioanza 2020 unaruhusu mpaka 54.0 kwa wanaume na wanawake, na unahesabu raundi zako 8 bora kati ya 20 za mwisho. Hicho ndo kipimo cha kujua kama ulichonunua kimekusaidia au kimekupendeza tu.

Namba 3: pata

Kiwanja cha par 72 (mikwaju 72 inayotarajiwa kwa mchezaji mzuri) kimehesabu mikwaju miwili ya griini kwa kila shimo, yaani 36, nusu ya kadi nzima, na bado watu wananunua pata ya mwisho kwa chenji iliyobaki. Hapana bana.

Zenye kichwa kikubwa zinasamehe zaidi ukigonga pembeni, zenye kichwa chembamba zinampa hisia mtu mwenye mkono mtulivu. Kwa wengi wetu nasema kichwa kikubwa. Ila urefu ndo muhimu kuliko umbo: nyingi dukani ni inchi 34 au 35, na wengine wanahitaji 33. Simama kama unavyosimama kawaida, mwenzako akuangalie, macho yako yawe juu ya mpira au ndani yake kidogo tu, ukiona yamepita mbele ya mpira au yako mbali nyuma urefu haukufai. Pata nzuri ya mtumba haichakai, hii unaweza kukaa nayo miaka ishirini.

Zoezi lake: chomeka tii (vijiti vya kuwekea mpira) mbili chini, nafasi yake izidi kichwa cha pata kwa upana wa kidole, futi tatu kutoka shimo, sukuma mipira mpaka upitishe kumi bila kugusa tii. Shimo lina milimita 108, mpira una kama 43, nafasi ipo nyingi kuliko hofu inavyokwambia.

Namba 4: wedji ya mchanga

Mchezaji wa Marekani Gene Sarazen ndo anahesabiwa kuleta wedji ya mchanga ya kisasa mwanzoni mwa miaka ya 1930, aliongeza chuma chini ya kichwa ili fimbo iteleze kwenye mchanga badala ya kuchimba, na 1932 akashinda The Open, mashindano makubwa ya Uingereza. Lile tumbo la chini ndo mpaka leo la kuangalia, linaitwa baunsi na limeandikwa kwa digrii. Mchanga laini na mwingi au nyasi nene, chukua 10 mpaka 14. Ardhi ngumu iliyokauka, chukua ndogo zaidi. Digrii 54 au 56 inatosha, ile ya 60 iache kwanza, kosa dogo tu mpira unapita juu ya griini mzima mzima.

Wedji tu ndo fimbo ambayo napenda mpya au iliyotumika kidogo, maana mifereji ikiisha mpira hausimami.

Namba 5: mipira

Chagua aina moja ukae nayo. Kweli, hili lina faida kuliko kuchagua aina ipi, kwa sababu ukibadilisha mpira kila shimo hutajua kwa nini huu umesimama na ule umeteleza. Ya vipande viwili yenye ganda gumu inaenda mbali, inadumu na bei yake ni ndogo, hiyo ni ya kuanzia. Ya ganda la yurethani (plastiki laini) inasimama vizuri karibu na griini, ihamie ukishaweza kumaliza raundi na mpira mmoja au miwili. Mipira iliyookotwa majini ni sawa ukiona ganda ni safi, iliyopakwa rangi upya achana nayo.

Namba 6: haibridi na wudi

Fupi tu hapa. Ukiwa na aironi 3 au 4 kwenye begi toa, weka haibridi. Kichwa chake kinainua mpira kwa urahisi hata kwenye nyasi ndefu. Wudi namba 5 kwa wengi inaenda sawa na namba 3 kwa sababu inapaa, wudi 3 chini kwenye feawei (njia ya nyasi fupi kuelekea griini) inataka kasi.

Namba 7: kipima umbali

Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia alichambua mikwaju mingi sana akaonyesha kwamba kama theluthi mbili ya tofauti kati ya mchezaji mzuri na wa kawaida inatokana na mikwaju ya zaidi ya yadi 100 kutoka shimo. Kwa hiyo kujua umbali kunalipa, ila kipima kinakwambia shimo liko wapi tu, hakikwambii aironi 7 yako inafika wapi. Nenda uwanja wa mazoezi upige mipira ishirini na fimbo moja, toa mitano mizuri na mitano mibaya, ile kumi ya katikati ndo umbali wako. Wengi tunachagua fimbo kwa ule mkwaju mmoja wa maajabu wa mwezi uliopita, ndo maana mipira yetu inaishia mbele ya griini kwenye banka (shimo la mchanga). Na ukicheza mashindano zima kile kitufe cha kupima mwinuko, sheria hairuhusu.

Glavu na viatu sijaviwekea namba, vinunue tu vikukae vizuri, glavu ibane bila mikunjo kiganjani.

Namba 8: draiva

Tumefika. Nimeiweka chini kwa sababu ina shafti ndefu kuliko fimbo zote, na lofti ndogo kuliko zote ukiacha pata, na lofti ikiwa ndogo kosa la pembeni linaonekana zaidi. Mpaka swingi yako itulie, wudi 5 kwenye tii itakuweka kwenye nyasi fupi mara nyingi zaidi, na mkwaju wa pili ukiwa kwenye nyasi fupi ni raha.

Siku ukiwa tayari: kichwa cha sentimita za ujazo 460, ndo kikomo cha sheria, lofti 10.5 au hata 12, usikubali 9 kwa sababu ya mabega. Mpya kabisa sio lazima, urukaji wa uso umewekewa kikomo kwenye sheria miaka mingi, draiva ya miaka mitano sita iliyopita nayo ilikuwa imeshagonga dari hiyo. Jaribu pia kushika gripu inchi moja chini. Alafu toa ile kalamu ya wino, weka alama kwenye mpira, piga kumi na draiva unayotaka kununua na kumi na wudi 5 yako, hesabu alama ngapi zipo katikati ya uso kwa kila fimbo. Zikikaribiana, lipa.