Uzoefu wangu na seti za kalamu za kubonyeza: yote yamo katika milimita moja

Nimekuwa nikikereza mbao kwa kujifurahisha kwa miaka sita hapa Dar es Salaam, nikianza na bakuli na michi midogo ya kutwangia viungo kabla ya kuingia kwenye kalamu. Kalamu za kuzungusha, zile ambazo ncha hutoka unapopinda nusu yake ya juu, nilikwisha kuzizoea kiasi cha kuziunganisha bila kutazama maelekezo. Mwaka huu niliagiza kutoka ng'ambo seti 5 za kalamu za kubonyeza, yaani vifuko vya vipuri ambavyo mwili wake wa mbao unaukereza mwenyewe, na sasa nimemaliza 4. Muuzaji anazitangaza kuwa ni kazi ya mtu anayeanza, nami sikubaliani naye, ingawa kalamu zenyewe zikikamilika vizuri hupendeza mkononi kuliko zote nilizowahi kutengeneza.

Ndani ya kila kifuko mlikuwa na bomba moja la shaba ya manjano, kiungio cha chini ambacho ncha hufungwa kwake kwa skrubu, springi, mrija wa wino, klipu yenye pete na kiungio chake cha juu, pamoja na kitufe chenye mtambo wa kubonyeza. Pamoja na gharama za usafirishaji, kila seti ilinifikia kwa takriban shilingi 30,000. Bushi zinazoonyesha unene wa kukerezea huuzwa kando, na biti ya kutobolea vilevile, jambo ambalo nililigundua nikiwa tayari nimekwisha kulipa.

Hiyo biti ndiyo iliyonisumbua kwanza. Bomba la shaba hugundishwa ndani ya ubao uliotobolewa, na karatasi ya maelekezo inataka tundu la inchi 27/64, yaani karibu milimita 10.7, ilhali maduka ya vifaa niliyoyazungukia Kariakoo yalikuwa na biti za 10.5 na za 11 tu. Nilichukua ya 11, bomba likawa linacheza ndani ya tundu, nikalazimika kuacha supaglu niliyoizoea na kutumia epoksi, ambayo hujaza pengo. Epoksi nayo haikawii kupenya ndani ya bomba. Kalamu yangu ya pili ilikwama kwa sababu hiyo: tone dogo la gundi lililokaukia ndani liliuzuia mrija wa wino usiteleze, na nilitumia jioni nzima kulikwangua kwa tupa ya mviringo. Siku hizi, kabla ya kupaka gundi, huchomeka mdomo wa bomba katika kipande cha kiazi kibichi ili uzibike, kisha husukuma kile kiazi nje gundi ikishakauka.

Mbao nilizotumia ni mabaki ya mpingo niliyoyapata kwa wachongaji wa Mwenge, vipande ambavyo kwao ni vifupi mno kwa kinyago lakini kwa kalamu vinatosha na kubaki. Mpingo ni mzito hata huzama majini, na hukerezeka kwa usafi unaokaribia ule wa chuma, ndiyo maana watengenezaji wa klarineti wanauthamini. Hata hivyo una tabia mbili za kuangaliwa. Ukitobolewa kwa haraka hupata joto na kupasuka, hivyo ni lazima biti itolewe mara kwa mara ili unga utoke. Pia una mafuta yanayoikataa gundi, kwa hiyo tundu lake hufutwa kwanza kwa asetoni. Kung'arisha ndiko kulikonipa raha kamili: msasa hadi namba 2000 na nta kidogo vilitosha, bila vanishi yoyote. Vumbi lake jeusi, lakini, halifai kuvutwa, na bila barakoa nilipiga chafya siku mbili.

Sasa nije kwenye kiini cha malalamiko yangu. Katika kalamu ya kuzungusha niliyoizoea, mtambo husukumwa ndani ya bomba kidogo kidogo mpaka ncha itokeze kadiri unavyotaka, kwa hiyo kosa dogo la urefu wa ubao halimdhuru mtu. Katika seti hizi, kila kiungio kina ukingo unaokaa juu ya ubao, na kitufe husogeza mrija wa wino umbali uleule, hauongezeki wala haupungui. Kinachoamua kila kitu ni urefu wa kile kipande cha mbao baada ya kusawazishwa ncha zake. Kifaa cha kusawazishia kinapaswa kusimama mara tu shaba inapoanza kung'aa. Kwa mazoea yangu ya zamani niliendelea kidogo, nikala kama milimita moja ya shaba yenyewe, na kalamu ya kwanza ikawa inachungulisha ncha ya wino hata ikiwa imefungwa. Nililitambua hilo kwenye mfuko wa shati jeupe. Baadaye niliiokoa kwa kukata pete nyembamba ya shaba na kuiweka chini ya klipu, na haionekani isipokuwa kwa anayejua pa kutazama. Karatasi ya maelekezo haina hata sentensi moja inayoonya kuhusu jambo hili.

Kugandamiza viungio hakuhitaji mashine maalumu. Nilitumia jiriwa, nikiwa nimeyafunika meno yake kwa vipande viwili vya mbao laini. Hugandamiza kiungio cha chini hadi mwisho, kisha kile cha juu hukiacha kama milimita mbili, nafunga mtambo, naweka mrija na springi, nabonyeza mara kadhaa, na ndipo nikamalizia. Kalamu ya tatu ilikataa kutoa ncha kwa sababu tu kiungio hakikuwa kimefika chini, na robo mzunguko wa jiriwa uliiponya.

Mengine ni madogo. Wino uliokuja na seti ulikuwa mkavu na wa kukatikakatika, lakini mrija ni wa umbo lile la Parker, ambao hupatikana katika maduka ya vifaa vya ofisi, hivyo niliubadilisha siku ileile. Rangi ya dhahabu kwenye kitufe imeanza kufifia baada ya miezi minne ya kubonyezwa, ilhali ile ya kromu ingali kama ilivyokuja. Kama ningeagiza tena, ningechukua kromu zote.

Seti ya 5 bado imo kifukoni mwake. Binamu yangu anakuja likizo mwezi ujao kutoka Marekani, na nimemwagiza biti ya 27/64.