Huckleberry Finn: Kijana Aliyekubali Kwenda Motoni (Uchambuzi wa Kitabu)

Haya, karibuni tena, wadau. Leo sina simu, sina blenda, sina spika ya blutuu. Bidhaa ya leo ni hii hapa, kitabu. Ngoja nikisogeze kwa kamera mkione. Adventures of Huckleberry Finn, riwaya ya mwandishi Mmarekani Mark Twain. Jalada limechakaa, pembe zimejikunja, karatasi imegeuka manjano, lakini gundi bado imeshika na hakuna ukurasa ulionyofoka. Nimekitoa kwa wale wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza hapa mjini Kisumu, shilingi 150 baada ya kuvutana. Herufi ni ndogo sana, kwa hivyo kama wewe husoma ukiwa umevaa miwani, tafuta nakala kubwa kuliko hii.

Na kabla hujatoa hiyo mia na hamsini, jua kwamba hakimiliki ya kitabu hiki iliisha zamani. Kiko bure Project Gutenberg, ile maktaba ya mtandaoni, unakisoma kwa simu. Ukipenda kusikiliza, kiko LibriVox, bure pia. Kwa hivyo leo hatubishani juu ya bei.

Hadithi yenyewe haraka haraka. Huck ni kijana wa kama miaka kumi na mitatu, kumi na minne. Anaishi Missouri, kando ya mto Mississippi, zama ambazo kumiliki mtu ilikuwa halali. Babake ni mlevi. Mjane mmoja mcha Mungu anamchukua, anamfundisha dini na kumvalisha viatu. Babake anamteka, anamfungia kwenye kibanda msituni. Huck anachinja nguruwe, anamwaga damu ili watu wadhani ameuawa, anatoroka hadi kisiwani. Huko anamkuta Jim, mtumwa wa Miss Watson, dadake yule mjane. Jim amesikia kuna mpango wa kumuuza New Orleans kwa dola 800, naye akachomoka. Basi hao wawili wanateremka na mto juu ya chelezo cha mbao, wakisafiri usiku na kujificha mchana.

Sasa hapa ndipo ninapotofautiana na wachambuzi wengi. Utawasikia wakisema: kijana jasiri, aligundua utumwa ni uovu, akaipinga jamii yake. Ukiandika hivyo kwenye karatasi ya tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi, chini ya mgogoro wa nafsi, pengine mtahini atakupa alama. Mimi sikupi. Huck hagundui kitu kama hicho mahali popote. Mwanzo hadi mwisho anaamini kwamba kumsaidia mtoro ni kumuibia mwenye mali, na mwizi mahali pake ni motoni. Dhamiri yake iko upande wa jamii! Ile sauti inayomnyima usingizi ndiyo ile ile ya mjane na ya kanisani, na inamwambia amsaliti Jim.

Tazameni sura ya 16. Jim anadhani wamekaribia mji wa Cairo (si ule wa Misri, huu uko Illinois, Marekani), ambako angepata njia ya kwenda majimbo yasiyo na utumwa, na furaha imemjaa. Anasema akishakuwa huru atafanya kazi, atamnunua mkewe, kisha watawanunua watoto wao wawili, na bwana wao akikataa kuuza, atatafuta mtu wa kwenda kuwaiba. Huck akisikia hivyo anashtuka. Si kwa huruma, la. Anashtuka kwamba Jim anathubutu kutaka kuiba watoto walio mali ya mtu ambaye hajawahi kumkosea Huck lolote. Watoto wa Jim mwenyewe! Twain hakutia neno la kusahihisha hapo. Anakuacha wewe msomaji upigwe na butwaa peke yako.

Basi Huck anapiga makasia kwenda ufuoni ili amripoti Jim. Njiani anakutana na wanaume wawili wenye bunduki wanaowasaka watoro. Wanamuuliza, huyo mtu wako kule kwenye chelezo ni mweupe au mweusi? Anasitasita, kisha anasema mweupe, ni baba, ni mgonjwa, tafadhalini njooni mnisaidie kumvuta hadi ufuoni. Anawabembeleza hivyo mpaka wenyewe wanafikiria ni ndui, wanarudi nyuma. Lakini kabla ya kwenda, kila mmoja anamwekea dola 20 za dhahabu juu ya ubao na kuuelekeza kwake majini, kwa kumhurumia kijana wa watu.

Mimi hapo nilikaa sana. Hao si mashetani. Ni watu wenye huruma, wanatoa dhahabu kwa mgonjwa wasiyemjua, na saa hiyo hiyo wanawinda binadamu. Hawaoni mgongano wowote.

Na tusijifanye hayo ni ya Wamarekani tu. Ingia nyumba nyingine hapa Milimani, mtaa wa wenye nacho, au Milimani ya Nakuru, ni mamoja. Dada wa kazi ana kikombe chake na sahani yake, na anakula jikoni wenyewe wakishamaliza. Mama mwenye nyumba si mtu mbaya. Ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, atakuchangia bili ya hospitali bila kukuuliza ukoo. Mtoto wake wa miaka tisa anamfichia dada chapati moja mfukoni, na usiku analala akitetemeka kwamba ameiba na kumdanganya mama. Sasa niambieni, huyo mtoto anatubu nini?

Ukirudi nyuma kidogo kwenye historia yetu ni vile vile. Kitabu hiki kilitoka Uingereza mwishoni mwa 1884 na Marekani mapema 1885. Miaka hiyo hiyo misheni ya Rabai, karibu na Mombasa, ilikuwa imejaa watoro, na mabwana wao wakidai mali yao irudi, mpaka IBEA, kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala huku, ikawalipa mabwana hao fidia. Utumwa katika pwani ya Kenya ulifutwa kisheria mwaka wa 1907. Kwa hivyo si mambo ya ng'ambo peke yake.

Sura ya 31 ndiyo kilele. Matapeli wawili waliojidai mfalme na dyuki (cheo kikubwa cha ukabaila wa Ulaya) wamemuuza Jim kwa dola 40. Huck anajaribu kuomba Mungu, maneno hayatoki. Anamwandikia Miss Watson barua, mtumwa wako yuko mahali fulani. Akimaliza anajisikia ameoshwa dhambi zote, yu mwepesi. Halafu anaanza kumkumbuka Jim, jinsi alivyokuwa akishika zamu mbili za usiku ili yeye aendelee kulala, jinsi alivyofurahi walipoonana tena baada ya ukungu kuwatenganisha. Anaichukua karatasi, anaichana, na kukubali kwenda motoni. Hakuna aliyemhubiria. Hoja zote bado ziko upande wa barua. Kilichoishinda ni zamu za usiku tu.

Na msidhani amepona. Sura inayofuata kabisa anadanganya kwamba mashine ya meli ililipuka, anaulizwa kama kuna aliyeumia, anajibu hapana, ila mtu mweusi mmoja alikufa. Sura moja tu baadaye!

Kasoro sasa. Kiingereza chake ni cha mitaani cha zamani, na mazungumzo ya Jim yameandikwa kwa matamshi yaliyopindwa. Kurasa za kwanza zitakutoa jasho. Lile tusi la watu weusi limo zaidi ya mara 200. Mwaka wa 2011 wachapishaji NewSouth Books walitoa toleo lililoweka neno "mtumwa" mahali pake. Mimi sikulipenda wazo hilo, ila simlaumu mwalimu anayelichagua. Ajabu ni kwamba maktaba ya Concord, Massachusetts, ilipokipiga marufuku mwaka wa 1885, haikukasirishwa na tusi hilo bali na tabia za Huck. Adabu ndiyo iliyowauma.

Mwisho wake ni mbovu. Tom Sawyer, rafiki yake Huck, anatokea, anageuza ukombozi wa Jim kuwa mchezo wa watoto, nyoka na panya chumbani, na kumbe alijua tangu mwanzo kwamba Miss Watson alikwisha kufa na kumwacha Jim huru kwa wosia. Mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway, katika kitabu chake cha 1935 kuhusu uwindaji huku kwetu Afrika Mashariki, alikisifu kitabu hiki kuliko vyote vya Marekani, kisha akasema usimame pale Jim anapoibwa. Mimi nasema endelea hadi mwisho, ukasirike. Jim aliteswa wiki kadhaa kwa mchezo wa kijana aliyelelewa vizuri.

Nani akinunue? Wa Form Three kwenda juu, na mzazi akisome kwanza. Mtoto wa shule ya msingi asubiri. Ukikipata mitumbani kwa zaidi ya shilingi 200, mrudishie mwenyewe, fungua simu yako.