Fensi ya stima ya kuzuia nyani, Nakuru: inafanya kazi, lakini ulizeni betri kwanza

Wenye mnaishi mitaa inayopakana na Lake Nakuru National Park hii shida mnaijua bila kuelezwa. Sisi wa upande wa Naka nyani wametuzoea mpaka wanajua ratiba, wanangoja watu waende kazi, wanaingia jikoni, unga wanapasua wanamwaga sakafuni, na ukitoka na fimbo na wewe ni mama lile dume linakuangalia tu, mpaka mwanaume atokee ndio linaondoka, polepole, kama landlord aliyekuja kukagua.

So tulichanga, kila nyumba 15,000, tukaweka fensi ya stima upande wote unaoangalia paki, karibu mita 400. Sasa imeona mvua na jua na naona watu wa Lanet na Mwariki wanauliza kama inafanya ama ni pesa ya bure.

Inafanya. Lakini si fensi yoyote tu.

Ukuta sahau kabisa. Kuna koti (zile nyumba za geti moja) hapa karibu walijenga wa mawe ya Ndundori, mrefu, juu wakapanga vipande vya chupa, pesa iliyoingia hapo hata sitaki kuisema, na nyani wanakaa juu yake asubuhi wakiota jua wakitoana chawa. Mnyama wa kulala kwenye majabali (Baboon Cliff, lile jabali la ndani ya paki, haikuitwa hivyo bure) ukuta utamfanya nini. Na seng'enge ni ya ng'ombe.

Hawa jamaa tulipata, kampuni sitaitaja juu nina maneno nao huko chini, walitueleza kitu ambacho mafundi wengine walikuwa wameruka. Stima ya fensi inakupiga tu ikipata njia ya kurudi ardhini. Ngiri amesimama chini akigusa waya na pua anapigwa, sawa. Nyani anaruka, anashika waya miguu ikiwa hewani, hapati kitu, anapita zake. Na huu mchanga wetu wa volkano ukikauka Januari na Februari hata aliyesimama chini anasikia kidogo tu. Kwa hivyo wanapanga waya ya moto, inayofuata imeungwa na ardhi, halafu moto tena, halafu ardhi, zimekaribiana hivyo mpaka juu, ndio akishika huku na kule anapata yote. Chini ni wavu, na umefukiwa kwenye mtaro kwa sababu ngiri na nungunungu ni wachimbaji. Halafu posti. Mbao kavu haipitishi stima ya maana, nyani akigundua hivyo anapanda posti anaacha waya zako zikilia tik tik, so kila posti ina waya za moto zimeizunguka. Ukiletewa kotesheni ya waya za moto tupu na posti ziko uchi, rudisha.

Siku walipowasha nilikuwa hapo. Lile dume lilikuja, likakaa, likaangalia wee, likanusa, likajaribu wavu na mkono, hakuna kitu, likaanza kupanda. Mkono wa kulia ukashika waya ya moto, wa kushoto ukafika ile ya ardhi. Sauti lilitoa watoto wa mtaa wanaiiga mpaka leo. Lilianguka na mgongo likatoka mbio na kundi lote nyuma yake. Mama Brayo hapo kando: "Na asirudi! Sufuria yangu bado ako nayo."

Kuna wazazi waliogopea watoto. Kazi ya ile enajaiza, mashine inayolisha waya, ni kutoa stima kwa vipigo vifupi sana, kama kimoja kila sekunde, volti ni maelfu lakini ni kufumba na kufumbua imepita, inauma vibaya na unaachilia. Vibao vya onyo viliwekwa. Fundi akikuambia atachukua laini moja kwa moja kutoka kwa mita ya nyumba, mfukuze, hiyo inaua mtu, na hata nyani ukimuua una kesi, kuna Sheria ya Wanyamapori ya 2013.

Sasa maneno yangu. Walifunga sola na betri, kumbe betri yenyewe ni ile ya gari. Julai ikaingia na mawingu na ile baridi, sola haichaji poa, kufika alfajiri betri imezima. Usiku mzima nyani wamelala hawana habari, lakini wanaamka mapema na hiyo ndio saa fensi imekufa, na walijua kabla yetu! Piga simu, "tuko njiani boss." Piga tena, "tuko njiani boss." Mpaka mweka hazina wetu akawaambia ile balansi haitoki (bakisheni balansi, tafadhali), na kesho yake betri ya sola ya ukweli ikafika. Miujiza.

Nyasi nayo walitaja juujuu tu. Mvua ya Aprili ikinyesha, nyasi ikigusa waya ya chini stima yote inaishia kwa udongo, kipimo kinasoma kilovolti 6.8 leo, wiki ijayo 3. Tumetafuta kijana wa kufyeka, kila nyumba 200 kwa mwezi. Msilalamike, hata ile fensi ya Aberdare iliyomalizika 2009, karibu kilomita 400, na ya Eburu hapa hapa kaunti yetu, ya 2014, kama kilomita 43, ziko na watu kazi yao ni kutembea nayo na kufyeka.

Wa Mwariki, yenu ni tofauti kidogo. Kiboko hapandi, waya mbili za chini chini zinamtosha, shida yenu ni ziwa. Maji yakifika kwa waya hakuna fensi hapo, si mliona hata geti kuu la paki la KWS (Kenya Wildlife Service) lilivyohamishwa maji yalipopanda.

Tumbili bado wanaingia. Kuna gravilea kwenye ploti ya kona, matawi yameninginia juu ya fensi yetu, wanatembea juu wanashukia kwa bafu ya jirani. Mwenye ploti anaishi Nairobi na ati hataki mti uguswe juu ni kivuli ya tenants. Hiyo siwezi kuwekea mafundi.

Nyota 4 kati ya 5, hiyo moja ni ya betri. Mkienda kwa kampuni yoyote, aina ya betri iandikwe kwa kotesheni kabla hamjatuma dipoziti.